Mwali wa Kijani

Taa ile ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ateliye, na sisi wanagenzi hatukuruhusiwa kuigusa. Chini ilikuwa na kichupa cha gesi, juu ina kofia yenye kidirisha, na ubavuni umechomoza mpira mwembamba wa urefu wa mkono. Mzee, fundi wetu, akiishusha, tulijua leo kuna frigo inayovuja. Aliiwasha, akasubiri kipande cha shaba kilichomo ndani kiive kwa moto, kisha akaanza kupitisha ncha ya mpira kwenye maungio ya mabomba, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mwali ulikuwa wa buluu iliyofifia, mchana hata huuoni vizuri. Ncha ya mpira ikifika penye kitundu, mwali uligeuka kijani, kijani cha jani changa la mgomba. "Yuko hapa," Mzee alisema, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku, nasi tukasogea wote kutazama, nyuso zetu karibu na moto.

Nazungumzia Cibitoke ya mjini Bujumbura, jirani na Ngagara, Kamenge, Mutakura na Kinama, mtaa ambao watu huelekezana kwa namba za avenyu. Niliingia ateliye ile mwaka 1988, nikiwa na miaka 16. Baba alinishika mkono, akamkabidhi Mzee, akamwambia, "Huyu sasa ni mwanao, mfundishe." Kazi zetu zilikuwa frigo za akina mama wauza samaki wa mukeke, frigo za kabare zilizojaa bia za Primus na Amstel, na mara mojamoja kiyoyozi cha ofisi ya mjini, ambacho tulikiendea tumevaa mashati safi.

Gesi tuliyoijua ilikuwa R-12. Sisi tuliiita freon, na jina hilo tukazibatiza gesi zote zilizofuata, hata zile zisizofanana nayo kwa lolote. Haikuwa na rangi, haikuwa na harufu ya kukutahadharisha, na haikuwaka. Hilo la mwisho ndilo lililotulea. Mzee alipenda kuwaonyesha wateja: anawasha kijiti cha kiberiti, anafungua vali ya mtungi kidogo, gesi inakizima kijiti mkononi mwake. "Umeona, mama? Hii haina ugomvi na moto."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1930, huko Atlanta, Marekani, mkemia Thomas Midgley alisimama mbele ya wenzake, akaivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, mshumaa ukazimika. Alikuwa na sababu njema. Frigo za zama zake zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, sumu tupu, na bomba likitoboka usiku familia ilikuwa hatarini kitandani. Yeye aliwaletea watu gesi ambayo haiwaki wala haiui kwa harufu. Mzee hakulijua jina la Midgley hadi anaingia kaburini, lakini niliposoma habari ile nilimwona yeye, mlangoni pa ateliye, na kijiti chake kinachofuka moshi.

Mtu aliyelelewa na gesi ya aina hiyo hujenga mazoea, na mazoea ya mkono ni magumu kuondoa kuliko ya ulimi. Tukitaka kubadili kompresa hatukuhangaika kutoa gesi kwanza. Tuliwasha moto wa kulehemu, tukauelekeza kwenye kiungo, fedha ya kulehemea ikayeyuka, bomba likaachia, na gesi ikatoka ikipiga mluzi katikati ya mwali. Moto ulicheza kidogo, ukabadilika rangi, basi. Gesi iliyobaki tuliifungulia hewani. Tuliitumia kupuliza vumbi kwenye mashine. Siku za sikukuu tuligeuza mtungi juu chini, tukamwagia chupa za soda zipoe upesi, na watoto wa jirani wakaja kushangilia. Siku moja kioevu kile kinachochemka kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kilinimwagikia kidole cha shahada. Ngozi iligeuka nyeupe na ngumu kama nta. Mzee, kwa upendo wote aliokuwa nao, alikichukua kidole akakisugua kwa nguvu mpaka nikalia. Malengelenge yalitoka jioni ile. Sasa najua kwamba mahali palipogandishwa na gesi hapasuguliwi kabisa: ni maji ya uvuguvugu na kungoja, na nguo iliyogandamana na ngozi haivutwi. Kovu ninalo hadi leo.

Nimepata kujua na jambo lingine, na hili linaniuma kuliko kidole. R-12 hukaa angani kwa takriban miaka 100 kabla haijavunjika. Ile niliyoifungulia mwaka 1988, kwa mkono wangu, kwenye ua wa avenyu yetu, nikiitazama inatoka kama ukungu na kupotea, zaidi ya nusu yake bado iko huko juu ninapoandika haya.

Si kwamba gesi ile haikutudhuru na sisi tuliokuwa chini. Ilitudhuru, ila hatukuipa jina lake. Ilipopita kwenye moto ilitoa harufu kali ya kukwangua koo, machozi yakatutoka, tukakohoa. Tulidhani ni harufu ya kulehemu. Kumbe klorini na florini zilizomo ndani ya gesi zilikuwa zinageuka asidi pale pale, pamoja na fosijini kidogo, ile sumu iliyowaua askari katika Vita Vikuu vya Kwanza. Na mwali wa kijani tuliokuwa tukiusogelea kwa furaha, kijani chake kilitokana na klorini hiyohiyo ikikutana na shaba ya moto. Dawa yetu ilikuwa maziwa. Kila jioni ya kazi nyingi Mzee alituma mtoto akalete maziwa, tukanywa tukijua tumejisafisha. Maziwa hayafiki mapafuni. Lakini nani angetuambia?

Kuna mwenzetu mmoja aliyeanguka ndani ya chumba cha baridi cha samaki. Tulikuwa tumeachia gesi mle ndani, mlango umeegeshwa ili jua lisiingie, naye akainama sakafuni kukaza boliti. Hakupiga kelele. Tulimkuta amelala ubavu kama mtu aliyejinyoosha kupumzika, midomo imebadilika rangi. Tulimburuta nje kwa miguu, akarudiwa na pumzi, na mtaani ikasemwa kwamba amepandwa na mapepo, chumba kile kina watu wake. Kwa kweli chumba kilikuwa na gesi. R-12 ni nzito mara 4 kuliko hewa. Inatandaa sakafuni kama maji, inaisukuma hewa juu, na anayeinama anainamia mahali pasipo na oksijeni. Aliyesimama wima haoni kitu. Ndiyo maana sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni tulikuwa tunaendelea na mazungumzo.

Kisha taa ikanyamaza.

Siikumbuki siku yenyewe, naikumbuka sura ya Mzee. Ilikuja frigo mpya, iliyoandikwa R-134a, inavuja wazi kabisa, mafuta yamelowesha kiungo. Mzee alipitisha mpira mara ya kwanza, mwali ukabaki buluu. Akapitisha tena. Akaizima taa, akakitoa kipande cha shaba, akakipiga msasa hadi kikang'aa, akairudisha. Buluu. Akasema taa imezeeka, na kwa sauti aliyoisemea nilihisi anajisema mwenyewe. Taa ilikuwa nzima. Gesi mpya haikuwa na klorini, na pasipo klorini mwali haugeuki.

Sababu ya klorini kuondolewa ilianzia mbali na kwetu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina ya R-12, kwa sababu haziozi huku chini, hupanda hadi juu kabisa, na huko miale ya jua inazivunja, klorini inatoka na kulila tabaka la ozoni linalotukinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila mwaka. Mwaka 1987 ukasainiwa Mkataba wa Montreal, na baadaye nchi kama zetu zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana kabisa na R-12. Sisi Cibitoke habari hiyo haikutufikia kama habari. Ilitufikia kama frigo ambayo taa haiioni.

Na miaka ile hatukuwa na nafasi ya kuuliza. Mwaka 1993 vita vilianza, mitaa ya kaskazini mwa mji ikagawanyika, majirani wa miaka mingi wakahama usiku na godoro kichwani. Ateliye ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kuanzia 1996 hadi mwanzoni mwa 1999 nchi jirani zilitufungia mipaka kwa vikwazo, na mtungi wa gesi ukawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Fundi alijaza alichopata. Tulichanganya R-12 na gesi nyingine, R-22. Wapo waliojaza gesi ya kupikia ndani ya frigo ambayo swichi na relei zake zinatoa cheche kila kompresa inapowaka, na mama mwenye frigo haambiwi. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Ilikuwa frigo ya mama mmoja muuza maziwa, mjane, na nilijisemea namsaidia. Kwa miezi mingi sikupita njia ya kwake bila kutazama kwanza kama nyumba bado ipo. Haikuungua. Hilo halinifanyi nisilaumike.

Gesi za kizazi cha R-134a zikaja kwa wingi, nazo zikaonekana ndizo suluhisho: haziwaki, hazigusi ozoni. Lakini zina joto lao. Kilo 1 ya R-134a ikiachiwa hewani, kwa hesabu ya miaka 100, inaipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Ndipo Oktoba 2016, mjini Kigali, mwendo wa siku moja tu kwa basi kutoka Bujumbura, mataifa yakakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Nchi nyingi kama zetu zilitakiwa kusimamisha ongezeko lake mwaka 2024, kisha kushuka hatua kwa hatua hadi 2045. Vikaanza kuja viyoyozi vya ukutani vyenye kibandiko kipya: R-32.

Nataka kuieleza gesi hii kwa utulivu, kwa sababu mtaani nimesikia mambo mawili kuihusu na yote mawili si kweli. Wa kwanza wanasema ni freon kama nyingine. Wa pili wanasema ni bomu.

R-32 ni kaboni 1, hidrojeni 2 na florini 2. Hidrojeni ndiyo siri yake. Waliitia makusudi, maana gesi yenye hidrojeni huvunjika upesi angani: hii hukaa kama miaka 5, si 100, na joto lake ni 675 pale R-134a ilipo 1,430. Lakini hidrojeni hiyohiyo inayoifanya ivunjike angani ndiyo inayoifanya iwake duniani. Huwezi kuchukua moja ukaliacha la pili. Gesi zetu za zamani zilikuwa ngumu kuwaka kwa sababu ileile iliyozifanya zisife.

Inawakaje? Si kirahisi. Lazima ifikie takriban sehemu 14 kwa 100 za hewa ndipo ikubali kushika moto. Gesi ya kupikia inatosheka na kama 2 tu. Mwali wake unatambaa polepole, sentimeta 6 au 7 kwa sekunde, wakati wa gesi ya kupikia unakimbia kama sentimeta 40. Ndiyo maana wataalamu wameiweka kwenye daraja la A2L: A maana yake sumu yake yenyewe ni ndogo, 2L maana yake inawaka kwa unyonge. Ikivuja kidogo sebuleni penye madirisha wazi, hewa inaichukua na hakuna kitakachotokea.

Shida inakuja inapokusanyika. Kilo 1 ya R-32 ikitoka yote inakuwa lita 470 za gesi, zaidi ya mapipa 2 makubwa. Ni nzito karibu mara 2 kuliko hewa, kwa hiyo inashuka. Nilipiga hesabu hii kwa kalamu, nikairudia: katika kistoo cha mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kilo hiyo moja inatosha kukijaza mchanganyiko wa kuwaka kuanzia sakafuni hadi kifuani pa mtu mzima. Na haina harufu. Gesi ya kupikia imetiwa uvundo makusudi ili pua ikuamshe, hii haikuamshi. Mgandamizo wake nao ni mwingine: kwenye nyuzi 25, R-12 ilikuwa na bari 6 na nusu, hii ina karibu 17, na mtungi ukiachwa juani hadi nyuzi 50 inafika kama 31. Mipira na geji za Mzee zingeweza kupasuka.

Nilikuwa nimeyasikia nusunusu mambo haya siku yule kijana wangu alipoungua. Namwita wangu kwa sababu nilimpokea kama Mzee alivyonipokea, baba yake alinikabidhi mkono wake kwa maneno yaleyale. Alikuwa amekwisha kujitegemea, ana begi lake na wateja wake. Aliitwa kuhamisha kiyoyozi kutoka chumba kidogo cha nyuma ya duka, chumba kisicho na dirisha, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Alisoma kibandiko. Aliniambia baadaye: "Niliona R-32, Mzee. Nikasema ni freon."

Akafanya nilivyomfundisha. Hakutoa gesi. Akawasha moto, akauelekeza kwenye kiungo, akangoja fedha iyeyuke. Bomba lilipoachia, gesi ilitoka imebeba mafuta ya kompresa kama moshi mwepesi, ikapita kwenye mwali, na mwali haukucheza kidogo kama zamani. Ulirefuka. Ulikuwa kama ulimi wa urefu wa mtu, wa rangi ya chungwa, ukalamba ukuta, ukamrudia mkononi na usoni, ukadumu sekunde chache kisha ukaisha wenyewe kwa sababu gesi ilikuwa kidogo. Akatoka akikohoa, nyusi zimeteketea, akicheka kwa hofu. Watu walimmwagia maji, wakasema Mungu mkubwa, ameponea.

Mkono ulikuwa na wekundu tu, si jeraha kubwa. Kwenye kituo cha afya walimpaka dawa ya kuungua, wakamruhusu. Usiku ndipo alipoanza kuumia. Aliniambia maumivu yalikuwa chini ya ngozi, kwenye mfupa, na kadiri usiku ulivyosonga ndivyo yalivyozidi ingawa ngozi yenyewe haikuonyesha kitu. Kifua kikambana. Kufika alfajiri alikuwa hawezi kulala chali. Tulimpeleka hospitali nyingine, na huko daktari kijana aliuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla: "Gesi gani?"

R-32 ikiungua, florini yake hutafuta hidrojeni, na kinachozaliwa ni floridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na jasho au unyevu wa mapafu inakuwa asidi ya aina yake peke yake. Asidi nyingine huunguza juu ukapiga kelele papo hapo. Hii hupenya kimyakimya, inashuka hadi mfupani, inaikamata kalisi ya mwili, na kalisi ikipungua sana kwenye damu moyo unaweza kusimama. Mapafu nayo yanaweza kujaa maji saa nyingi baada ya mtu kuvuta moshi wake, wakati kila mtu ameshasema ameponea. Dawa ya mkono ni maji mengi mara moja, kisha jeli ya glukonati ya kalisi. Daktari yule alijua. Kijana alilazwa, akawekewa oksijeni, akarudi nyumbani baada ya siku kadhaa, na vidole 2 vya mkono wa kulia bado havikunji sawasawa.

Daktari aliniambia na jambo jingine nililoliandika kwenye daftari: mtu aliyevuta gesi nyingi za florini, hata bila moto, moyo wake unakuwa mwepesi kushtuka. Mbio, hofu, hata sindano ya adrenalini vinaweza kuuvuruga mapigo. Aliyevuta gesi akalazwe penye hewa safi, atulizwe, asikimbizwe, na anayempeleka hospitali ataje jina la gesi kabla ya kutaja jina la mgonjwa. Nilimfikiria mwenzetu wa chumba cha samaki, tulivyomburuta tukipiga mayowe.

Nilikaa na kijana yule hospitalini nikitafuta maneno. Mji huu unaujua moto. Januari 27, 2013, Jumapili asubuhi, tuliliona soko kuu la Bujumbura likiungua mbele ya macho yetu, watu wameshika vichwa, maji hayatoshi. Baada ya siku ile tulijifunza wote kuogopa nyaya. Mimi niliogopa nyaya, nikaendelea kufundisha watoto wa watu kufungua bomba lenye gesi kwa moto, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na mtu niliyempenda. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mzee, na wewe hukuambiwa." Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona ile mitungi inafunguka kinyume. Mitungi mingi ya gesi zinazowaka hutiwa uzi wa kushoto ili mkono wa fundi ukwame, ashtuke, aulize. Wangu ulikwama. Nikatafuta kiungio cha kuunganishia, nikaendelea na kazi.

Sasa ni yeye anayenifundisha. Alipopona alipata mafunzo, akarudi na namna mpya ya kuingia chumbani. Kwanza haweki begi chini. Anafungua mlango na dirisha, anazima umeme kwenye swichi kuu iliyo nje, maana swichi ya ndani ikibonyezwa inaweza kutoa cheche, anauliza kama kuna jiko la mkaa karibu au mtu anayevuta sigara. Kisha anachuchumaa na kuweka kipimio chake sakafuni. Mzee alikuwa akitafuta gesi kwenye maungio, juu. Huyu anaanza chini, ilikolala. Anainyonya gesi kwa mashine hadi kwenye mtungi wa akiba, ambao haujazwi kupita sehemu 80 kwa 100, kwa sababu kioevu kikipata joto kinavimba na kinahitaji nafasi. Anapitisha nitrojeni kavu ndani ya mabomba kufukuza mabaki. Anakata bomba kwa kikatio, kwa kuzungusha, bila moto. Mwisho kabisa, kizimamoto cha unga kikiwa miguuni, kipimio kikiwa kimya, ndipo anawasha.

Na kupima kama bomba linavuja anatumia nitrojeni hiyohiyo na povu la sabuni. Sisi wengine tuliwahi kutumia oksijeni ya kulehemea, kwa kuwa mtungi ulikuwa karibu. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Tuliponea mara ngapi, sijui kuhesabu.

Mara ya kwanza nilipomtazama akifanya hayo yote nilihesabu dakika. Zilikuwa 50 kabla moto haujawashwa. Mzee angekuwa amemaliza, amelipwa, ameagiza maziwa. Mteja alikuwa amekunja mikono, ananitazama mimi mwenye mvi, anataka nimharakishe kijana. Nilimwambia, "Dada, mwache."

Taa ninayo. Mzee aliniachia, mkewe aliniletea imefungwa kwenye kitenge. Nimeutoa ule mpira wake na kukitoa kichupa cha gesi ili asije mjukuu au mwanagenzi akaiwasha kwa kunisifu. Shaba yake bado ina alama za msasa wa siku ile iliponyamaza.

Wewe unayesoma, kama kwako kuna kiyoyozi au frigo, kibandiko kiko ubavuni au nyuma, chenye herufi R na namba. R-32 inawaka. R-600a, iliyomo kwenye frigo nyingi ndogo za siku hizi, haina florini lakini inawaka upesi zaidi. Siku utakapomwita fundi, simama naye mkisome pamoja kabla hajafungua begi lake, mfungulie dirisha, umwambie una muda wa kumngoja atoe gesi kwanza. Na umlipe muda huo.